Picha ya Kwapani

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Tantine, shangazi yangu mpiga picha, pale Bunia, mkoba ungali begani na vumbi jekundu la njia ya Komanda limenijaa hadi masikioni, wakati yeye alipofungua sanduku la mbao alilokuwa akilificha chini ya kitanda. Ikapanda harufu ile ya zamani, kali kidogo na tamu kidogo, kama siki iliyomwagikia sabuni. Kabla sijaona kilichomo ndani nilikuwa mtoto tena, nimechuchumaa uani, vidole vimeloa.

"Weye mutembezi," akasema, "ile aparei bado unaijua, ao barabara imekula akili yote?"

Aparei ni kamera. Ndivyo tulivyoiita siku zote. Nikamwambia bado naijua. Akanyoosha mkono hewani akitafuta bega langu, maana macho yake sasa yana ukungu, huona umbo la mtu asione sura.

"Basi utanipiga foto. Paketi ya filamu imebaki moja, iko kwa jirani, mu frigo yake, nyuma ya masoda. Nataka foto ya matanga yangu. Miye sitaki kiti tupu."

Nilijua vizuri ni kiti gani alichokuwa akikisema. Lakini nikikueleza kuhusu kiti kabla sijakueleza kuhusu kamera nitakuwa nimeanzia mwisho, kwa hiyo kaa kidogo nami.

Kamera yetu ilikuwa na macho manne. Ukibonyeza mara moja, nyuso nne zinazofanana zilitoka katika karatasi moja, tayari kwa mkasi: moja ya kadi, moja ya shule, moja ya kumpelekea mama kijijini, na moja ambayo kila mtu alisema ni ya akiba, ingawa wote tulijua itaishia kwa mpenzi. Haikuwa na betri. Ubavuni ilifungwa kamba yenye fundo. Tantine aliivuta ile kamba mpaka fundo liguse pua ya mteja, akajua umbali umetosha, kisha akaiachia. Nyuma ya mteja palitundikwa shuka jeupe ambalo Koko, nyanya yangu, alilifua kila Jumamosi kwa sabuni ya mche na kulianika juu ya ua wa mikaratusi.

Baada ya kubonyeza ndipo kazi ilipoanza. Ubavuni mwa kamera kulitokeza ulimi mweupe wa karatasi. Ukiuvuta huo, unafuata ulimi wa njano. Wa njano unavutwa mara moja, moja kwa moja, bila kusita, maana ndani ya kamera karatasi inapita kati ya rulo, vile vyuma viwili vya mviringo, na rulo ndizo zinazokamua kifuko cha dawa na kuisambaza juu ya picha. Ukisita, picha inapata mstari kama kovu. Kinachotoka ni karatasi mbili zilizogandana. Unasubiri, halafu unazibandua: upande mmoja mtu, upande mwingine uchafu mweusi unaowasha ngozi, ambao tuliuzika shimoni pamoja na majivu ya jikoni.

Kusubiri kwenyewe ndiko ambako sijawahi kukuona mahali pengine popote, nami nimetembea. Bunia asubuhi kuna baridi, hasa mvua ikiwa imelala juu ya vilima, na dawa ile haipendi baridi. Picha hutoka imefifia, ya buluu, kama ya mtu aliyezama majini. Kwa hiyo Tantine alimpa mteja ile karatasi ambayo haijabanduliwa, akamwamuru aiweke kwapani. Kwapa lake mwenyewe, si la ndugu wala la mke. Foto yako unaipasha weye, ndivyo alivyosema, joto la mwingine litakuchanganya sura. Sijui kama aliamini. Ila hakuna mtu aliyebisha.

Saa hakuwa nayo. Alipima kwa wimbo wa kanisani. Jua likiwaka, beti moja. Asubuhi ya ukungu, beti mbili. Siku ya mvua, beti mbili na kiitikio. Basi ungepita njia yetu ungewakuta watu wazima wamejipanga kwenye benchi, mkono mmoja umebanwa ubavuni kama kuku mwenye bawa bovu, wanaimba pamoja, karani wa ofisi, muuza makaa na bibi harusi. Aliyekosea maneno alichekwa. Mara moja alikuja mchimbaji dhahabu wa Nizi, kofia ya kufuma kichwani, akabaki kimya.

"Mama, miye ni Muislamu," akasema. "Wimbo wenu siujui."

"Soma yako basi. Lakini soma polepole. Mungu hana haraka, na hii dawa pia haina."

Akasoma, taratibu, macho amefumba, na benchi zima likanyamaza kumsubiri. Picha yake ilitoka nzuri kuliko zote za siku ile. Tangu hapo kila alipopita aliuliza kama yuko aliyemshinda kwa picha.

Mimi nilikuwa wa rulo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekaa sehemu nyingi bila kuota mizizi: nimepika machimboni Nizi, nimeuza samaki wa chumvi Mahagi-Port, nimelala juu ya magunia ya maharagwe kwenye malori nisiyoyakumbuka. Lakini kama kuna kitu nilichofundishwa nikakifikisha mwisho, ni kusafisha rulo. Jioni, wakati Koko akikoroga bugali na moshi wa mkaratusi ukitutoa machozi, nilifungua mlango wa nyuma wa kamera, nikazipangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha nikapitisha ukucha polepole kuanzia ncha hadi ncha. Jicho linadanganyika, ukucha haudanganyiki. Chembe moja tu ya dawa iliyokauka, ndogo kama mbegu ya mchicha, ingeacha doa jeupe kwenye kila picha, tena doa lenyewe linajirudia kila rulo inapozunguka. Kuna baba mmoja alirudi na picha zake akiwa amekasirika kabisa.

"Nimekuja hapa na uso muzuri," akasema, "na weye umenipa tetekuwanga!"

Tantine alimpiga upya. Mimi nilikula bugali baridi jioni ile, baada ya ukucha wangu kupita mara nyingine, na nyingine tena.

Koko alizipenda rulo kwa namna yake. Yeye hakukubali kupigwa picha hata siku moja. "Nani ataangalia hiki kinywa?" alikuwa akisema, maana meno ya mbele yalikuwa yameondoka, akacheka huku amekifunika kwa ncha ya kitenge. Ila kila kilicholia nyumbani kilikuwa mgonjwa wake. Bawaba ya mlango, gurudumu la toroli, cherehani ya jirani, vyote alivitibu kwa mawese, tone moja na unyoya wa kuku. Na rulo zetu, kwa uzee, zilikuwa zimeanza kulia.

Unaona inakokwenda. Ilikuwa siku ambayo mwalimu angeleta darasa zima kupigwa picha za kadi. Alfajiri, kabla hatujaamka, Koko alichukua unyoya wake. Alitaka tu kumsaidia Tantine, binti yake. Watoto wakaja wamepakwa mafuta, kola zimenyooka, wakaimba beti zao, makwapa yamebana. Tantine akabandua ya kwanza. Akaigeuza kifudifudi. Akabandua ya pili. Mtoto hakuwa na paji la uso, na shavuni ulipita mto mwekundu. Dawa ilikuwa inateleza juu ya mawese, haishiki.

Mwalimu akainua moja kwenye mwanga. "Tantine, hawa ni wanafunzi ao ni sombe? Mumewaunga mawese!"

Watoto wakaangua kicheko kusikia wamefanywa kisamvu, na Koko, kutoka jikoni, akaelewa. Alitoka na unyoya ungali mkononi. Sitasahau jinsi alivyosimama. Tantine hakumgombeza. Aliniita, tukaziosha rulo kwa sabuni, halafu kwa maji ya majivu, halafu kwa sabuni tena, mpaka ukucha wangu ukalia juu ya chuma kikavu. Sasa ilibidi kujaribu, na karatasi ya kujaribia ni karatasi ya kupoteza. Nani apigwe?

"Nipige miye," Koko akasema. "Ikiharibika, hakuna kilichoharibika."

Akaketi mbele ya shuka alilolifua mwenyewe, mkono juu ya kinywa. Tantine akavuta kamba, fundo likamgusa pua, likamtekenya. Koko akacheka, mkono ukaanguka, na Tantine akabonyeza hapo hapo. Kisha mzee wetu akaiweka picha kwapani na kuimba, darasa zima likimwitikia, beti mbili, ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Zikatoka nyuso nne za Koko, bila doa, kinywa wazi, bila meno, zenye furaha ya mtu aliyesamehewa. Tantine hakuzikata. Aliibandika karatasi nzima ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na kila ulipofungua kuchukua sahani ulichekewa na bibi wanne.

Kabati hilo halikukimbia nasi. Vita vilipofika mtaani tulishika njia ya Komanda na tulichoweza kukibeba. Tantine alibeba kamera, mimi sufuria, Koko alibeba kitenge chake. Tuliporudi, nyumba ilikuwa kuta tupu. Koko aliishi misimu michache baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa kifua, katika nyumba ya kupanga. Kwetu, kwenye matanga, picha ya marehemu huwekwa juu ya kiti mbele ya watu, ili anayeingia ajue anamlilia nani. Mwanamke aliyekuwa mama wa mpiga picha hakuwa na picha. Tukaweka kiti, tukatandika kitenge chake. Watu walilia wakikitazama kile kiti, na Tantine, aliyekuwa ametoa sura za nusu ya mji, alikaa ukutani ameinamisha kichwa.

Ndicho kiti chenyewe.

"Nikupige na telefone," nilimwambia siku ile niliporudi. "Watatoa kwenye karatasi mjini, siku ile ile."

"Wapi! Ile nitaipasha wapi?"

Nikaenda kwa jirani. Paketi ilikuwa baridi nyuma ya masoda, kama jirani alivyoitunza miaka yote, hata baada ya wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa kutuambia kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza na filamu za namna ile hazitakuja tena. Nikatundika shuka. Nikaweka paketi kivulini. Tantine akaketi, akafunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena.

Nikabonyeza, nikavuta ulimi mweupe, nikavuta wa njano.

"Ile ni kavu," akasema kabla sijaibandua. "Dawa haikulia."

Kweli ilikuwa kavu, kama ganda la kitunguu. Iliyofuata pia, na iliyofuata tena. Kila mara alisikiliza, akatikisa kichwa, maana paketi ilikuwa inakwisha na yeye alijua kuliko mimi. Ilipobaki ya mwisho aliomba kamera. Akaiweka tumboni, akaizungushia kitenge, akaikumbatia kama mtoto mchanga mwenye baridi. Pikipiki zilipita barabarani, mvuke wa maharagwe ukatoka kwa jirani, na sisi tulikaa tu.

"Sasa," akasema. "Usivute kama zamani. Polepole, kama unavuta blanketi juu ya mutoto amelala."

Nikavuta kamba, fundo likamgusa pua. Akakunja uso, akacheka, mapengo yakaonekana. Nikabonyeza. Nilivuta ulimi wa njano polepole, kama alivyosema, na mle ndani nikasikia sauti ndogo ya majimaji, kama mtu anayemeza.

"Eeeh," akasema Tantine. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaibana kwapani.

Akaanza wimbo. Sauti yake imekuwa nyembamba. Beti ya kwanza aliimaliza peke yake, ya pili maneno yakampotea, nami nilikuwa nimeyasahau zamani, kwa hiyo tuliivumisha tu kwa pua, wote wawili, mpaka mwisho, na kiitikio tukakiongeza ingawa hapakuwa na mvua.

Nikabandua. Dawa haikuwa imetosha. Sura tatu zilikuwa weupe mtupu na kahawia iliyoungua. Moja tu, kule upande wa ulimi, ilikuwa imetoka. Niliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba akaanza kuhangaika.

"Iko?"

"Iko moja."

"Lete."

Akaileta hadi karibu iguse kope, akaigeuza kwenye mwanga, mahali ambapo ukungu wa macho yake una upenyo kidogo. Kinywa wazi, meno ya mbele hayapo, macho yamezama kwenye kicheko.

"Weye," akasema, "nilikuambia unipige miye. Mbona umepiga mama?"

Aliishika tu kifuani mpaka kivuli cha shuka kikahama. Benchi halipo, ua wa mikaratusi haupo, darasa lile limetawanyika hadi nisikokujua, na hakuna mtu mwingine Bunia atakayeombwa tena kuipasha sura yake mwenyewe. Picha moja ya kukaa juu ya kiti, ikitosha kwa wawili.

Nilikuwa nakunja shuka aliponiita.

"Na rulo?"

Paketi ilikuwa tupu. Nyingine haipo, si kwa jirani, si Mahagi-Port, si ng'ambo ya ziwa. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilichota maji ya uvuguvugu, nikaloweka kitambaa, nikachuchumaa uani, nikapitisha ukucha polepole, kuanzia ncha hadi ncha.