Koki Iliyokutwa Wazi

Kaka yangu alifia kazini, katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba kilichokuwa ukingoni mwa ziwa, nje kidogo ya Mwanza, upande wa kwenda Kisesa. Boila lililipuka asubuhi, shifti ya usiku ikijiandaa kutoka, na mwendeshaji alikuwa yeye. Mabati ya paa yalikutwa majini. Wenzake kadhaa walikufa pamoja naye, akiwamo mchochea moto wake, mtu wa kumwaga makapi ya pamba tanuruni. Hao wawili walikuwa majirani. Nyumba zao zilitazamana, zikagawana uwanja mmoja na bomba moja la maji.

Bomba hilo ndilo lililonitoa Misungwi, nilikokuwa nikifundisha. Baada ya mazishi, shemeji yangu alikuwa akienda bombani na ndoo, na mjane wa mchochea moto aliinua ndoo yake kabla haijajaa akaondoka, akaliacha bomba likimwaga. Hakumtukana. Laiti angemtukana, maana tusi hujibiwa. Wanawake wengine wa pale nao wakaanza kuitikia salamu za shemeji kwa kuguna. Neno lililokuwa likizunguka ni kwamba waume zao waliuawa na mume wake. Shemeji alinitumia salamu kwamba hana neno na mtu, anataka tu kujua, ili akipita uwanjani ajue anapita kama nani.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakaniteua. Wewe umesomea ualimu Butimba, walisema, unafundisha sayansi, nenda ukajue chanzo. Walikitaja chanzo kama mbuzi aliyepotea, ambaye mtu mwenye macho atafuata kwato zake mpaka ampate. Nami nikaenda nikiamini hivyo hivyo. Nina hasira za karibu, na uhakika wa karibu zaidi. Mke wangu husema mimi hupata jibu kabla ya kumaliza kusoma swali.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika stoo ya mashudu, kwa kuwa ofisi ilikuwa imepasuka vioo. Alikuwapo mkaguzi wa mitambo kutoka Dar es Salaam, afisa wa kazi, na meneja aliyeletwa na mwekezaji baada ya kiwanda kuuzwa. Waliniruhusu kuketi kwa niaba ya familia. Mkaguzi hakuwa mtu wa maneno. Alitembea kwenye vipande vya boila na nyundo ndogo, akivigonga na kusikiliza, na mimi nyuma yake nikijitia kusikiliza pia.

Alichotueleza kilikuwa rahisi. Maji ndani ya boila yalipungua mpaka chuma kikabaki kitupu juu ya moto, kikawa chekundu. Kisha maji baridi yakaingia ghafla. Weka sufuria tupu jikoni, alisema, iache iive, halafu mwagia maji uone. Sasa fikiria sufuria ya ukubwa wa nyumba, iliyofungwa kila upande.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kama maji yalipungua, basi aulizwe aliyekuwa akileta maji. Maji yalivutwa ziwani kwa pampu, na wakati ule magugu maji yalikuwa yameufunika ufuko wote, kijani kibichi mpaka macho yanachoka. Yalikuwa yameziba mdomo wa bomba la kuvutia. Basi chanzo ni magugu. Lakini magugu yalikuwa na vibarua wa kuyaondoa kila asubuhi, na mwenye kiwanda mpya alikuwa amewapunguza vibarua. Basi chanzo ni mwekezaji. Meneja akasema hapana, pampu ilizimika kwa sababu ya mgao wa umeme, na umeme unagawiwa kwa sababu mabwawa yamekauka. Kwa hiyo kaka yangu aliuawa na mvua iliyokataa kunyesha huko nisikokujua. Niligonga meza. Afisa wa kazi aliniambia, kwa upole, kwamba meza ile ni ya kuazima.

Halafu mkaguzi akaleta habari ya koki. Juu ya mnara mdogo palikuwa na tangi la maji ya akiba, na bomba lake lilishuka mpaka kwenye boila, na kwenye bomba hilo palikuwa na koki. Koki hiyo ilikutwa wazi. Kila mfanyakazi wa pale aliijua sheria: kioo kikionyesha boila halina maji, usifungue koki. Vuta moto nje, kimbia. Atakayefungua koki wakati chuma kimeshaiva ndiye atakayelilipua. Karibu na koki walikuwapo watu wawili tu, kaka na mchochea moto wake. Meneja alisema hapo hakuna swali, mwendeshaji ni mmoja. Mimi nikasema mikono ilikuwa minne.

Shahidi tuliyebaki naye alikuwa fundi wa pampu, Mzaramo aliyekuja Mwanza tangu enzi za ushirika, akaoa huku, asirudi kwao tena. Sisi ni Wasukuma, na Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo yeye na kaka hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye akili. Kila asubuhi alipanda kutoka pampuni mpaka mlango wa boila, akatangaza kwamba maji yamekwisha, Wasukuma wote leo wanaiva, na yeye anabaki kurithi ng'ombe. Kaka alimjibu kwamba hata akirithi hatajua kukamua, maana kwao wamezoea kukamua nazi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya asubuhi. Nimeisikia mwenyewe, na nimeicheka.

Siku ya mazishi tulimngoja. Kwa desturi mtani huja akazuia jeneza, akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe chochote, na watu wakacheka wakiwa na machozi. Yeye alikuja, akasimama nyuma ya watu, akakunja mikono. Hakusema neno hata moja. Wazee walichukia. Mtani akinyamaza msibani, walisema, huyo ana jambo.

Mbele ya kamati alisema jambo lake bila kuzunguka. Asubuhi ile pampu ilikuwa ikivuta magugu na hewa tangu alfajiri. Alipanda akasimama mlangoni, akamwambia kaka kwamba joka lao la boila limekauka, leo wanaiva, ng'ombe ni wake. Kaka alicheka. Yeye akageuka akashuka kwenda kuzibua bomba, na alikuwa ndani ya maji mpaka magotini aliposikia mlipuko.

Mkaguzi alimuuliza kama maneno hayo aliyasema kila siku. Akasema kila siku. Mkaguzi akamuuliza, sasa siku hiyo ulifanya nini ajue kwamba ni kweli?

Fundi alimtazama mkaguzi. Kisha akasema, "Mzee, miaka yote ile sijapata kusema naye kwa njia nyingine. Ningeanzaje?"

Mkaguzi alinigeukia mimi nimweleze utani. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, mifano na yote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sieleweki hata kwangu mwenyewe. Kwetu mtu anayekutabiria kifo kila asubuhi ndiye anayekupenda. Ungemwamini vipi siku moja, tena bila kumwonea aibu? Nilipomaliza, meneja alisema vizuri sana, basi marehemu aliambiwa, akapuuza. Iandikwe hivyo.

Hapo ndipo nilipopotea, na mpaka leo sijui kama nimetoka. Kama kaka alicheka na kupuuza, alikuwa mzembe, lakini basi koki hakuifungua yeye, maana anayefungua koki ameamini kwamba hakuna maji. Ilifunguliwa na mchochea moto. Na kama kaka hakupuuza, kama kicheko kilimkauka mdomoni mara mtani alipogeuka na akakimbilia kioo, basi hakuwa mzembe hata kidogo, na ndiye aliyelipua. Ili nimtetee nilipaswa kuomba awe amecheka mpaka mwisho. Ningempenda yupi, kaka mzembe au kaka muuaji? Nilirudi Misungwi nikawachorea wanafunzi boila ubaoni, nikaweka mishale ya maji, moto na mvuke, na nilipofika kwenye koki nikasimama na chaki mkononi. Sikuwa na mshale wa kuweka pale.

Nilimfuata fundi nyumbani kwake. Nilitaka anipe kitu, hata kidogo. Nilimuuliza alipogeuka alisikia nini nyuma yake. Hatua? Sauti ya mtu akimwita mwingine? Akasema hakusikia, pampu ilikuwa ikipiga kelele. Nilimwambia anaficha. Nilimwambia pia maneno ambayo mtu hamwambii mtani, kwa sababu hayakuwa utani. Aliyapokea yote. Mwishoni aliniambia kwamba angekuwa amegeuka mara moja tu, angalau angejua, na kwamba kujua huko angekuchukua hata kama kungekuwa kubaya. Niliondoka bila kuaga.

Kamati ilimaliza kazi yake. Chanzo, walisema, ni kupungua kwa maji ndani ya boila, na uzembe wa uendeshaji haukuweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Nilimsomea shemeji hayo nikiwa nimesimama mlangoni mwake. Akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni kwamba hawajui. Akasema, "Kutojua ninako mwenyewe, shemeji. Sikukutuma ukaniletee kwingine." Kisha akachukua ndoo akaenda bombani, na nikamwona yule jirani akiinua yake.

Matanga tuliyamaliza pale pale uwanjani, kwa kuwa wafanyakazi wenzake wengi walikuwa hapo. Mjane wa mchochea moto hakuja, lakini hakuwa na pa kwenda pia. Uwanja ni mmoja. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, ametupa mgongo nusu, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuka.

Fundi alikuja akakaa mwisho wa mkeka. Watu walikula, wazee wakasema ya kusema. Kisha shemeji akaingia ndani, akatoka na koti la kazi la kaka, lile la akiba, akamwekea fundi magotini. Kila mtu alielewa. Ni kazi ya mtani kuvaa nguo za marehemu na kumleta kwa mara ya mwisho, watu wamwone, wamcheke, wamwache aende. Fundi alitikisa kichwa. Shemeji hakuondoka. Alisimama mbele yake mpaka akalivaa.

Alipoinuka alikuwa kaka. Sijui niseme vipi zaidi. Alitembea ametanguliza tumbo, akafuta kioo kisichokuwapo kwa mkono wa koti, akakisogelea akakifinyia jicho, akamgombeza mtu asiyekuwapo kwa kumwaga makapi chini, na r zake zote akazigeuza l kama kaka alivyozigeuza maisha yake yote. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi nililia, nikacheka, kisha nikalia tena, na sikujali nani ananiona.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kile kizingiti. Mjane wa mchochea moto alikuwa amegeuka, ungo umebaki magotini. Hakumwita fundi. Alimsemesha aliyekuwa ndani ya koti.

"Jirani," alisema. "Ile koki ulifungua wewe?"

Vicheko vilikatika. Fundi alisimama katikati ya uwanja, mkono bado umeinuliwa kwenye kioo chake cha hewani. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya kaka, polepole.

"Tulifungua wote wawili, jilani. Ilikuwa imekaza. Nilimwita mumeo, tukaishika pamoja."

Mwanamke yule alifunika mdomo kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ungo ukaanguka, mchele ukamwagika mavumbini. Shemeji yangu alikuwa ameketi karibu nami, naye analia bila sauti, akimtazama.

Koki ile niliishika mimi mwenyewe siku ya ukaguzi. Haikuwa imekaza. Inazunguka kwa vidole viwili. Na huyu mtu aliapa mbele yetu wote kwamba alikuwa ndani ya maji, chini pampuni, hakuona, hakusikia. Hasira ilinipanda, nikaanza kusimama, neno "mtani" likiwa limeshanitoka.

Shemeji alinishika shati.

"Kaa chini, shemeji," alisema. "Mwache kaka yako amalize kusema."