Mama Nyuma ya Kadre

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alitoka Kapolowe na mfuko wa samaki wakavu na kadre ya picha, ile fremu yenye umbo la yai. Akaiweka juu ya cherehani yangu, katikati ya nguo za wateja, akasema: "Weye njo uko na makasi. Kata mama yako, mudogo wangu abakie peke."

Hivyo hivyo! Na mama yangu alikuwa amekaa palepale mkekani, amevaa nyeusi ya ujane, anasikia kila neno.

Tulikuwa tunajiandaa kuondoa matanga. Kwetu Likasi, siku hiyo picha ya marehemu huwekwa mezani mbele ya watu, na mishumaa na maua, kisha hutundikwa sebuleni. Baba aliacha picha moja tu; nyingine zilioza kwa mvua, bati lilipong'oka. Katika hiyo moja amekaa kwenye kiti, na mama amesimama kando yake, mkono begani mwa baba. Watu hudhani ni pozi. Pozi gani! Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, hajalala, na mpiga picha akapita kambini kwa wafanyakazi asubuhi ile. Kila baba alipoanza kusinzia, mama alimfinya bega. Bila mama, yule mwanamume angekuwa chini ya kiti.

"Kadre hii ni ya muntu moya," shangazi alisema. "Bantu babili habataenea."

Nikasema sawa, tupime. Nilitoa kioo cha kadre, nikakilaza juu ya picha, nikakisogeza kidogo upande wa mama. Wote wawili wakaingia, kuanzia nyuso mpaka magoti. Nje ilibaki miguu ya kiti na kipande cha ukuta. Nikamwonyesha. Njia ya mwongo fupi.

Ndipo akalitoa neno lenyewe. "Muzima na mufu habakae mu kadre moya. Ukibaweka pamoya, mufu atamuvuta. Unataka kuzika mama yako?"

Neno hilo kwetu linajulikana. Ukiona watu wawili katika picha ya matanga, ujue waliozikwa ni wawili. Lakini nauliza, na mpaka leo nauliza: huruma hiyo ya kuogopa mama asivutwe ilikuwa wapi yeye na ndugu zake walipobeba redio ya baba, baiskeli yake, na hata blanketi, kilio hakijapoa? Nani alimuuliza mama atajifunika nini? Leo ndiyo wanamlinda, kwa makasi!

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini mjane hajibizani na ndugu za mume wake kabla ya kuvuliwa nyeusi, na binti yake akijibu, lawama inamrudia mama: hakumfunza. Nilishika makasi. Mama akainua kichwa.

"Mutoto, usinikate," alisema. "Unikunje. Siku nitakufa, utanikunjula."

Basi nikamkunja mama yangu. Nilipitisha ukucha kwenye karatasi, akaenda nyuma, uso wake kwenye kadibodi, nikairudisha misumari midogo ya mgongoni mwa kadre. Mbele baba akabaki na usingizi wake, na vidole vya mama begani, maana hivyo huwezi kuvikunja bila kumkunja na baba. Shangazi akaviona. Akafunga utepe mweusi juu yake. Vidole tu, jamani, navyo vilimkera! Siku ya matanga watu walisifu, picha safi, mzee amepumzika kweli. Mimi nilibaki jikoni nasonga bukari, ugali wetu.

Nyeusi ikavuliwa, wageni wakarudi kwao, kadre ikabaki ukutani. Kila asubuhi mama aliishusha akaifuta vumbi. Alifuta kioo, kisha akaigeuza, akafuta na mgongo, polepole. Nani anafuta mgongo wa kadre? Hilo ndilo lililonishinda. Siku moja nilimnyang'anya, nikaanza kuinua misumari kwa ncha ya makasi.

"Mama, minye nimechoka. Mupaka ukufe njo tukuone mu nyumba yako?"

Hakunizuia. Alinishikia kioo. Nilipomkunjua, mkunjo ulikuwa umepita kwenye kiganja chake, mstari mweupe, lakini uso ulikuwa mzima. Utepe niliutupa jikoni motoni. Mama aliitazama picha kwa muda, mikono kiunoni.

"Kumbe nilikuwa murefu vile," alisema, akaenda kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Shangazi alirudi baada ya mvua kwisha, bila kupiga simu, kama ilivyo desturi yake. Mimi na mama tulikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Tulisikia mlango, tukasikia "Hodi!". Halafu mfuko ukaanguka chini.

"Yoo! Mawee! Mulinifichaka kilio! Mulimuzika bila minye!"

Alikuwa ameona ukuta: watu wawili, kadre moja. Na kabla sijafungua mdomo akaanza kulia kilio chenyewe, kile cha kumtaja marehemu. Mwanamke mwenye alimuosha mudogo wangu mu bugonjwa, bila kukunja uso. Mwenye alitupikia sisi bote, hata siku hatukuleta kintu. Mwenye tulimubebea blanketi na akanyamaza. Dada yangu, dada yangu, utaniachia nani?

Dada! Miaka yote hiyo mama hakuwa dada wa mtu katika ukoo ule. Damu ilinichemka. Nilielekea kwenye pazia nimkate kauli, nimwambie maiti yake inasonga bukari hapa na sufuria itaungua.

Mama alinikamata nguo kwa nyuma. Alikuwa na mwiko mkononi, na machozi yanamtiririka.

"Muache amalize," alininong'oneza. "Hakunisemaka vile hata siku moya."