Kimio cha Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Nakuru katikati ya miaka ya hamsini, wakati mume wangu akifanya kazi karakana ya reli na sisi tukiishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi. Alipofika wiki ya tatu alianza kutoa sauti kila anapovuta pumzi, sauti nyembamba, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Nikimlaza chali inazidi. Nikimweka begani inapungua. Majirani walikuwa wanaisikia kupitia ukutani.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifuani na shingoni, akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, mzee mmoja mpole, akanieleza.

"Shika sikio la mtoto," akaniambia. Nikalishika. "Likunje. Unaona lilivyo laini? Koromeo lake ndani limeumbwa kwa kitu hicho hicho. Bado halijakaza, ndiyo sababu akivuta hewa linajikunja na kupiga kelele. Tena la mtoto mchanga liko juu sana, karibu na mdomo, ndipo anaweza kunyonya huku anapumua. Wewe huwezi. Akikua litashuka, litapanuka, litakaza."

"Lini?"

"Kwanza kelele itaongezeka, mpaka miezi sita hivi. Usiogope. Halafu itapungua. Akitimiza mwaka na nusu, labda miwili, utasahau. Ila akishindwa kunyonya au midomo ikigeuka samawati, mlete mbio. Na mtu asimtie kitu kooni."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo nikamweleza dada yangu. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa ameshuka kutoka Molo, alikoolewa, ili anisaidie na mtoto. Nilipokuwa mdogo alinitafunia nyama kwanza ndipo anipe. Hakuna mtu niliyemwamini zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hicho ni kimio, mdogo wangu, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimerefuka. Kwetu watoto wote hukatwa."

"Daktari amesema si kimio."

"Daktari amezaa wangapi?"

Nilimshika mikono nikamwomba aniahidi kwamba hatamkata. Akaniahidi. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani akivua viatu, akasikia yote.

Mtoto alipofika miezi minne kelele ikaongezeka, kama nilivyoambiwa. Mimi ilinitia moyo, kwa sababu dresa alikuwa amesema kweli. Dada yangu ilimtia hofu. Nilimwona akikaa akimtazama mtoto kifua kinavyodidimia.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kufua nguo asubuhi kwa familia moja ng'ambo ya mji. Namnyonyesha alfajiri, narudi kabla ya saa saba. Siku hiyo niliporudi nilisimama mlangoni nikashangaa: chumba kilikuwa kimya. Hakuna kelele. Kwa muda mfupi nilifurahi, nikasema moyoni, koromeo limekaza mapema.

Kisha nikaona leso kwenye karai, maji yamegeuka mekundu.

Mtoto alikuwa macho, mdomo wazi, anapumua kwa tahadhari kama mtu anayetembea juu ya miiba. Nilimpa ziwa. Akavuta mara moja, akalia bila sauti, na maziwa yakamtoka puani.

"Mzee wa kukata vimio alikuja," dada akasema. "Ni dakika moja tu. Ana chuma chake safi."

"Uliniahidi."

"Usinitazame hivyo. Muulize mume wako."

Sikumngoja mume wangu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbia hospitali. Tulilazwa siku tisa. Alipata homa, na mimi nilimkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko, matone, matone. Dresa alikuja akasimama, akatazama, akatikisa kichwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya nne homa ilipungua, na ile kelele ikarudi, vilevile kabisa. Kimio hakikuwa na kosa lolote.

Mume wangu alikuja kututembelea jioni hiyo na mayai ya kuchemsha. Nikamuuliza.

"Nilimruhusu," alisema. "Wewe ungekataa."

"Nilikuwa nimekataa."

"Ndiyo hivyo," akasema, akaanza kunimenyea yai.

Nikajua basi kwamba walipanga siku, wakachagua saa zangu za kufua, na asubuhi hiyo wote wawili walikuwa wameniaga vizuri.

Dada alirudi Molo kwa treni kabla hatujatoka hospitali. Binti yangu alikua. Kelele ilififia taratibu, kwanza mchana, kisha usingizini, na alipotimiza mwaka na miezi minane niligundua sijaisikia kwa wiki nzima. Tulienda Molo arusini mwaka uliofuata. Dada alimpakata mbele ya wanawake wote, akamfungua mdomo awaonyeshe.

"Huyu alikuwa anakufa," akawaambia. "Mimi ndiye niliyemponya."

Wanawake wakamshangilia. Mume wangu alikuwa karibu na mlango, akitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nilimchukua mtoto wangu nikatoka naye nje, tukakaa kwenye nyasi mpaka wakati wa chakula. Alikuwa akizungumza na kuku, kwa sauti yake inayopitia puani kidogo, kama maziwa siku ile; sauti hiyo anayo mpaka leo.