Mukeka ya Wajane

Miye naitwa Verdiane, na huku kwetu milimani, juu ya Sake, watu wananiogopa kidogo kwa sababu ya mudomo yangu. Sikatae. Huu mudomo njo ulifanya wamama wanichague prezida wa bibi za askari wa zamani, na huu mudomo njo ulitaka kuharibu ndoa ya mutoto wa kaka yangu. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Emérita, bibi ya kaka yangu Sebarenzi. Yeye si muntu wa maneno mingi, basi wacha niongee kwa nafasi yake, anisamehe pale nitazidisha.

Aliolewa kwetu akiwa musichana mudogo. Kaka yangu alikuwa askari ya serikali, muntu wa kuja likizo na kurudia. Alikuwa anafika na begi yake ya kijani kwenye bega, anasalimia ng'ombe kwanza, kisha watu, na tulikuwa tunamuchekelea sana juu ya ile. Emérita hakukasirika. Alikuwa anasimama kwenye mulango ya zizi na kungoja zamu yake, akitabasamu. Mwaka wenye kaka hakurudia, mutoto yao Christa alikuwa anaanza darasa ya kwanza.

Habari yenye tuko nayo ni ya Papa Polycarpe. Yeye si mufugaji. Ni Muhunde, mulimaji wa maharagi na viazi kwenye mulima wenye kuangaliana na yetu, lakini mu jeshi alikuwa analala hema moja na kaka yangu. Walikuwa mu pori ya Walikale, kupita Mubi. Kaka yangu alipigwa risasi mu paja. Polycarpe alimuikalisha chini ya muti, akamunywesha maji, akaenda kutafuta watu wa kumubeba. Wakati walirudia, fasi ilikuwa wazi. Hakukuwa muntu, hakukuwa mwili.

Nilimuuliza Papa Polycarpe ile habari mara nyingi hata miye nilisikia haya. Nilimuuliza mu soko, nilimuuliza kwenye kilio cha watu wengine, siku moja nilimuuliza akiwa na kiazi mu mudomo. Kila mara anajibu maneno yale yale, hapunguze, haongeze. Na kila mara miye narudia nyumbani na moyo umetulia kidogo, juu naona kama muntu hana kaburi, basi iko fasi anatembea.

Sasa musikie desturi yetu siye wafugaji. Baba ya nyumba iko na inkongoro yake, kikombe kikubwa cha muti cha kunywea maziwa, na muntu mwingine hatie mudomo pale. Kama baba iko safarini, bibi anamuwekea maziwa mule, asifike na njaa akute chombo kavu. Emérita alimuwekea kaka yangu maziwa kila magaribi, tangu Christa anajifunza kuandika jina yake mpaka Christa anavaa viatu vya kisigino. Miye nilikuwa napita pale, naona kikombe kimejaa, nasema mu roho: vizuri, kaka yangu iko na nyumba.

Wakati askari wenye walirudia walitunga shirika yao, walisema familia ziingie pia. Wakatengeneza makundi mbili za wamama. Siye bibi tunaketi kwenye mukeka yetu, wajane kwenye mukeka yao, na kati yetu kuko njia ya kupita. Muntu akigonjwa, shirika inamubeba kwa kipoyi, kitanda cha miti cha kubebea mugonjwa, mpaka barabarani. Mujane akikosa nguvu, wanaume wanamulimia shamba. Na kama mutoto musichana wa askari mwenye alikufa anaolewa, muzee mumoja anavaa beré yake, kofia ya jeshi, anasimama fasi ya baba, anapokea ng'ombe ya dote, ile mahari ya musichana. Lakini ile ni kwa mwenye alikufa tu. Kwa muzima hawasimame. Muzima atakuja mwenyewe kupokea ng'ombe yake, na kumutangulia ni kumutukana.

Mama mwenye kuingia analeta maziwa mu kikombe ya bwana yake. Kama ni bibi, bwana anakunywa kwanza mbele ya wote. Kama ni mujane, rafiki mwenye alitembea na bwana yake njo anakunywa. Kisha kile kikombe si cha muntu tena. Kinakuwa chombo kama vingine.

Basi, Christa alipata muchumba. Kijana Tuyizere, anatengeneza pikipiki kule Sake, mikono inanuka mafuta lakini moyo iko safi. Baba yake, Papa Bayingana, alikuja kwetu na adabu zote, akaketi, akakunywa, akakohoa kidogo.

"Ng'ombe iko tayari," akasema. "Tunauliza tu: tutaiweka mu mukono ya nani?"

Baba yetu alikufa zamani. Sebarenzi njo alikuwa mutoto mwanaume peke yake. Christa alikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia ameacha kuosha masahani. Kwetu, musichana mwenye ng'ombe yake haikupokelewa anaenda kwa bwana kama mugeni wa njiani, na siku wakigombana hana fasi ya kurudia na kichwa juu. Papa Bayingana alijua ile. Alisema atangoja mpaka Pasaka ipite, na alisema polepole, kama muntu mwenye anaona haya kwa ajili ya mwingine.

Siku ya Yenga, njo Jumapili, kisha ya misa, Emérita alikuja kwangu. Nilikuwa napakua maharagi.

"Mama Gisubizo," akaniita, juu Gisubizo ni mutoto yangu wa kwanza, "nataka kuingia shirika."

"Karibu. Nilikungojea siku mingi. Utaketi pembeni yangu."

"Hapana, dada. Nitaketi kwa wajane."

Niliweka sufuria chini, nisiimwange. Nilimuambia maneno yenye sitaki kurudilia yote. Nilimuambia anamuzika kaka yangu muzima juu ya ng'ombe. Nilimuambia amechoka naye, aseme tu amechoka, tujue. Nilimuambia mwanamuke mwenye kikombe ya bwana yake imejaa kule nyumbani si mujane, ni muongo.

Aliniacha nimalize. Ile njo tabia yake, na inaniudhi mpaka leo. Kisha akaongea, sauti chini.

"Weye unamungojea siku ya sherehe, wakati watu wanatafuta wanaume wa nyumba. Miye namungojea kila asubui. Asubui njo nakuta maziwa imeganda, hakuna mwenye aliigusa. Naipelekea ndama. Asubui zote, dada. Weye hujaimwanga hata siku moja."

Akatengeneza kitambaa yake ya kichwa, akaenda. Maharagi yangu ilipoa, na watoto wakakula bila kunisemesha.

Sikutulia. Juma ile yote nilipita kwa wamama wa kundi yangu, moja moja, nikiwaambia siku ya mukutano nitasimama na nitakataa. Miye ni prezida, na miye ni damu ya Sebarenzi. Nani atanipita? Walinijibu "Ndiyo, Mama Verdiane," na waliangalia chini. Nilifikiri ni heshima. Sasa najua walikuwa wananihurumia.

Siku ya mukutano ukungu ilishuka mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Wazee walisimama na beré zao zenye zimepauka, mumoja kwa fimbo, mwingine kwa bega ya mwenzake. Papa Polycarpe, mwenye kuongoza shirika, alisoma majina, na wenye waliitwa waliitikia. Kisha akasema kuko mama mumoja wa kuingia.

Emérita alikuja na kikombe ya kaka yangu mu mikono miwili, imefunikwa na kitambaa cheupe. Alipita mbele ya mukeka yetu, hakuniangalia. Akapiga goti mbele ya Papa Polycarpe na kumutolea maziwa. Muzee alipokea. Miye nilikuwa nimekwisha kusimama, mudomo wazi.

Lakini Papa Polycarpe hakukunywa.

"Miye nilimuacha chini ya muti," akasema. "Nilimuambia, nakuya sasa hivi. Nikikunywa hii, ni miye namuacha mara ya pili. Siwezi, kama dada yake hajakubali."

Akaniletea. Akivuta muguu yake mubaya, akavuka ile njia ya kati ya mikeka, akaniwekea kikombe mu mikono. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yote, nimeyapanga juma nzima.

Kisha nikasikia harufu. Inkongoro haioshwe tu na maji. Unachoma majani yenye kunukia, unageuza kikombe juu ya moshi, unangoja, unafanya tena, na kama uliruka hata siku chache, muti unaanza kunuka uchachu na harufu ile haitoke upesi. Kikombe ya kaka yangu ilinuka moshi mupya. Mule ndani, juu ya maziwa, muti ulikuwa safi, mweusi, unang'aa, sawa na wakati mama yetu alikuwa angali anakitunza. Miaka yote ile Emérita hakuruka hata siku moja, na miye nilikuwa nimemuita muntu mwenye amechoka. Nilisikia haya kali, na nyuma ya haya nikasikia kile chenye nilikuwa nakimbia. Kaka yangu amekufa. Alikufa kule kupita Mubi, peke yake, akingoja, na bibi yake alijua ile zamani, na alinyamaza kwa ajili yangu. Alikuwa ananiwekea kaka yangu mu nyumba yake, ili nikipita nimuone.

Nilikunywa. Nilikunywa mpaka nusu, nikalia, nikakunywa tena, na hakuna mwenye aliniharakisha. Yenye ilibakia nikamurudishia Papa Polycarpe, naye akaimaliza, akasema jina ya Sebarenzi mara moja, sauti kubwa, na wazee wote wakatoa beré.

Emérita akaenda kuketi kwenye mukeka ya wajane. Wakamusogelea, wakamupa fasi katikati. Miye nilibakia nimesimama pale njiani. Bwana yangu iko, anakohoa kila asubui, Mungu amuchunge, mukeka ya wajane si yangu. Lakini nilivua viatu, nikaenda kuketi kule, bega kwa bega na bibi ya kaka yangu, na hakuna mwenye alinifukuza.

Kisha Pasaka, Papa Polycarpe alipokea ng'ombe ya Christa. Desturi inataka mwenye kupokea aisifu mbele ya watu, pembe zake, mwendo wake, wazazi wake. Mulimaji yule akaizunguka, akaangalia, akakuna kichwa. "Ng'ombe hii," akasema, "itatoa samadi muzuri sana." Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Emérita pia alicheka, na kucheka kwake nilikuwa nimekwisha kukusahau.

Jioni ile nilimusaidia kukamua. Mikono yake ilijaza maziwa mu vyombo, kimoja kisha kingine, na kisha ya vyote ikashika kile kikombe kikubwa, bila yeye kufikiri. Akakiangalia. Miye nikangoja, bila kusema kitu, na kwangu ile ni kazi nguvu. Akakijaza, akakishika kidogo kwenye kifua yake, kisha akanyoosha mukono.

"Kamata, dada," akasema. "Pelekea Christa, akunywe yangali moto."