Ujumbe Uliofika Kwenye Simu ya Seremala

Mtoto wa dada yangu alinitoa mdomoni siri za wanawake wa mtaa wangu, akawapelekea watu wa mgombea ubunge. Mwanamke mmoja amefukuzwa kwake kwa sababu hiyo. Na msaliti naitwa mimi.

Mimi ni msusi. Nasukia chumba cha mbele, mlango wazi. Mteja anakaa kwenye kigoda, kanipa mgongo, kichwa kiko katikati ya magoti yangu. Hanioni uso, nami simwoni wake, na ndiyo maana anasema. Miaka ishirini na sita sijamwuliza mtu jambo lake. Nachana, nagawa njia, naye anaanza mwenyewe: mume, mkwe, kidonda kisichopona. Kusoma sijui, kwa hiyo siandiki kitu. Kila mteja nimemweka akilini na nywele zake na shida yake.

Mtoto huyo nilimlea mimi dada alipofariki, na vidole hivi ndivyo vilivyomfikisha chuo. Mwaka wa uchaguzi akaja amevaa fulana yenye sura ya mgombea, mkononi ana simu pana kama sahani.

“Mama mdogo,” akasema, “zamani mgombea alipanda jukwaani akapiga kelele, wote wakasikia neno moja. Siku hizi ni data. Mwenye shida ya maji anaambiwa maji, mwenye mgonjwa anaambiwa dawa. Kila kura na dawa yake.”

“Mtajuaje nani anaumwa wapi?”

Akacheka. “Si ndiyo maana nimekuja kwako?”

Nikakataa. Akabembeleza. Alisema zahanati yetu itabaki tupu kama mgombea hajui sisi tunakosa nini. Alisema maneno yataingia kwenye mashine tu, hayatatoka. “Mashine haina mdomo, mama mdogo.” Ujinga wangu naukubali. Siku tatu nilimsimulia kichwa kimoja baada ya kingine, naye anabonyeza.

Namba alizichukua kwenye simu yangu. Kwa kuwa sisomi, kila namba ina picha ya mteja, ili akipiga nijue ni nani. Yeye ndiye aliyenipangia picha hizo. Basi akaona sura ya rafiki yangu mshonaji, akaona namba chini yake, akamaliza. Hakuuliza simu ni ya nani. Simu ya mshonaji ilikuwa imekufa tangu zamani. Alikuwa ananipigia kwa simu ya mumewe, seremala. Hapa kwetu simu moja ni ya nyumba nzima, lakini wasomi wale walihesabu simu moja, mpiga kura mmoja.

Ujumbe ulimkuta seremala karakana, randa mkononi. “Dada, tunajua unafuata mbali sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu. Mgombea wetu ataileta karibu. Mpe kura yako.”

Seremala alikuwa anasubiri mtoto mwaka wa nne. Alikuwa ameshatengeneza hata kitanda.

Saa sita mchana mshonaji alisimama mlangoni pangu na begi. Nilikuwa na mteja, nusu ya kichwa kimesukwa.

“Nilimwambia nani mwingine?” akaniuliza. “Nilikaa hapo alipokaa huyo. Niambie, nilimwambia nani mwingine?”

“Sikuuza, shoga yangu. Naapa.”

“Basi uligawa bure. Afadhali ungeuza.” Akafuta uso kwa mkono. “Tena yule mgombea kura yangu alikuwa nayo. Nilikwambia hapa hapa kabla hata ya kampeni. Walikuwa wananitafutia nini?”

Akanyanyua begi, akaondoka. Yule mteja akainuka, akafunga kitambaa juu ya nywele zake nusu, akatoka nyuma yake.

Sasa nikifika bombani mmoja wa wanawake anasema, “Taratibu jamani, Redio iko hewani.” Wanacheka. Wengine niliwasuka siku ya harusi zao.

Na hiyo data yao ilifanya nini? Muuza mkaa aliandikiwa kuhusu mwanawe mlevi. Alikuja kunitupia maneno: “Kama mwanasiasa anajua mwanangu analala mtaroni, na asimwinue, basi anataka kumkanyaga.” Akampa kura mwingine kwa hasira. Bibi wa nyumba ya kona aliahidiwa dawa ya miguu, naye miguu yake mizima, mgonjwa ni mkwewe. Siku ya kura mshonaji hakutoka nyumbani kwa kaka yake. Matokeo yalipobandikwa mlangoni pa shule, mwenye duka alinisomea: uchaguzi uliopita mgombea yule alipata kura mia mbili na kumi na moja kituoni kwetu. Safari hii, sitini na nne.

Lakini jimbo alilichukua, maana mpinzani wake mkubwa aliugua akajitoa wiki mbili kabla. Mtoto wa dada yangu anasema ni data. Amepewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka, anafundisha watu wa majimbo mengine. Nilimfuata huko huko.

“Tumeshinda, mama mdogo. Namba hazidanganyi.”

“Za mtaani kwetu je?”

“Ule ni mtaa mmoja. Kazi kama hii haikosi dosari ndogo.”

“Mshonaji ndiye dosari?”

Akaangalia simu yake. Akaniuliza kama nitakunywa soda. Nikamwangalia meno yake, meno niliyoyaona yakiota. Nilitoka nikatema mate getini, mlinzi akiniona.

Baadaye akanitumia ujumbe wa maandishi wa kuomba radhi. Kwa maandishi! Anajua fika sisomi. Niliufuta bila kumpa mtu anisomee.

Sikutaka radhi yake mimi. Mtoto wa dada yangu anadaiwa aje kwa miguu yake, mchana, karakana, amwambie seremala mbele ya mafundi wenzake kwamba aliyeandika ule ujumbe ni yeye. Kisha aende kwa kaka wa mshonaji aseme hivyo hivyo. Mbunge anadaiwa zile sindano alizozitangaza. Zahanati bado haina hata moja, nimekwenda kuuliza mara mbili. Na mimi, niliyefungua mdomo, nadaiwa na mshonaji. Nimebisha kwa kaka yake mara nne. Hajanifungulia, na sitamlaumu, ila nitakwenda mara ya tano.