Swichi ya Pili

Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, amplifaya ya valvu ya marehemu mume wangu ilipata mpiga gitaa mpya kanisani kwetu Bondeni. Ina swichi mbili: ya kwanza hupasha moto valvu, zile taa zake za kioo, ya pili hufungulia sauti ya gitaa. Tukingoja valvu zipate moto, pasta huomba, na mume wangu alipowasha ya pili, pasta alisema amina.

Mpiga gitaa huyo mgeni hakuijua ya pili. Pasta akaombea wagonjwa, mvua, hata madereva wa barabara ya Longonot, jicho moja kwenye amplifaya.

“Dada, tuokoe,” jirani akaninong'oneza. “Nimeacha maharagwe jikoni.”

Nikaenda, nikaiwasha.

“Amina!” pasta akasema, akipangusa jasho.

Kumbe ni swichi! Nami nilidhani Roho ndiye humnyamazisha pasta. Ee Bwana, mpe mume wangu pumziko la milele, kwa kutufikisha nyumbani mapema miaka yote hiyo.