Maji ya Kakakuona wa Mwananyamala

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Bwana Mkubwa wa Picha, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya kukoroma, alisema chumba cha giza cha kusafishia picha hakitaki vumbi. "Vumbi likikaa kwenye kioo, swala wangu anaota ndui." Nilivua kwa furaha, maana vilikuwa vya kuazima na vilinibana kweli. Mie nilikuwa nimetoka kubeba magunia Kurasini.

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha wanyama kwa ajili ya serikali, lakini msidhani tulikwenda mbugani. Bwana Mkubwa aliamini wanyama wa ajabu wanaishi uani kwetu na sie hatuna habari. Basi kila asubuhi tulitembea kwa miguu, leo Temeke, kesho Kinondoni, enzi hizo kote ni mihogo na mikorosho, nami nimebeba begani kamera ya mbao na stendi yake ya miguu mitatu. Picha ilinaswa kwenye kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Kioo kimoja, picha moja, basi. Nyie mnaofyatua mkanda mzima kabla bibi harusi hajaketi, mngelia!

Alinifundisha kumtambua mnyama. "Usikimbilie jina," alikuwa akisema. "Nitajie mkia, masikio, kucha. Jina litakuja lenyewe." Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Lakini nilikuwa kwenye majaribio. Siku moja akaniita mezani kwake. "Picha zako zina majani mengi. Niletee mnyama ambaye watu wa mjini hawaamini kama anaishi karibu nao, na uso wake uonekane. Mwezi ukiisha hujaleta, utarudi kwenye magunia yako."

Lo, nilihangaika! Temeke nilimvizia komba aliyekuwa akiiba tembo la mgema, nikapata mkia. Kinondoni nilimfuata kenge, nikapata matope. Mwezi ukayoyoma, na karani wa stoo, aliyetupimia vioo kama dawa ya hospitali, akanipa cha mwisho.

Ndipo habari zikafika kwamba Mwananyamala kumeonekana kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira akiguswa. Nilitoka mbio na kamera yangu begani.

Nilikuta watu wamejaa shambani kwa Bi Mwanahamisi, mama mmoja mjane aliyemkuta yule mnyama alipokuwa akipalilia mihogo. Mnajua desturi yetu. Kakakuona akitokea hapigwi wala hafukuzwi, anatandikiwa vitu achague. Akienda kwenye maji, mvua itanyesha. Akienda kwenye unga, ni shibe. Akienda kwenye mkuki, jiandaeni kwa ugomvi. Na anayeviweka vitu ni mwenye shamba.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Simama pale, usikohoe."

Mzee Kondo, aliyesimamia shughuli, akaikazia macho kamera yangu. "Sanduku lako hilo likimtisha kabla hajachagua, umetuharibia mwaka mzima."

Nikasimama. Kakakuona alikuwa amejikunja chini ya mkorosho, na vitu vyote vimewekwa humo humo kivulini. Kivuli kizito vile, kioo changu kisingeona kitu. Nje ya kivuli jua lilikuwa linashuka, na mie nimesimama natokwa jasho la woga.

Bi Mwanahamisi akanisogelea. "Una nini wewe, mbona unahema kama mgonjwa?"

"Mama, humo kivulini kioo hakioni. Nisipoupata uso wake leo, narudi Kurasini kubeba magunia."

Alinitazama, akaenda akaliinua bakuli la maji, akaliweka juani mbele ya kamera.

"Ala!" Mzee Kondo akamaka. "Unahamisha bahati?"

"Kakakuona kaja shambani kwangu, na maji ni ya kisima changu. Akiyataka atayafuata. Nimemvuta mkia mie?"

Watu wakacheka chini chini, hata Mzee Kondo mwenyewe akashindwa kujizuia.

Tukangoja. Yule mnyama akajikunjua taratibu, akanusa, akaupita unga, akaupita mkuki. Nilikuwa ndani ya kitambaa cheusi, na kwa kamera zile unamwona mnyama miguu juu, kichwa chini. Akatoka juani. Akayafikia maji, akainua uso, ulimi ukachomoza, nami nikafyatua.

Vigelegele hivyo! Wao wanashangilia mvua, mie nashangilia kazi. Kakakuona alisindikizwa kwa ngoma hadi kichakani, akaachwa aende zake.

Bwana Mkubwa aliinua kioo kilichosafishwa dirishani, akakitazama muda mrefu. "Uso upo," akasema. "Kesho njoo na viatu vyako mwenyewe. Umeajiriwa."

Baadaye nilipata uhamisho kwenda Lindi, kisha Morogoro, chini ya mabwana wakali na wapole, na wote walinifunza kitu. Lakini kabla ya kwenda Lindi nilimpelekea Bi Mwanahamisi ile picha pamoja na doti ya kanga, nikamuuliza kwa nini alinihurumia ilhali hanijui.

"Ulikuja na bega moja limeshuka," alisema. "Mwanangu Athumani alikuwa na bega kama hilo. Magunia ya Kurasini yalimlaza, hakuinuka tena. Nilipokuona nikasema, jamani, huyu asirudi."

Nililia pale pale uani kwake, sikuona haya.

Sasa nimestaafu, natembea asubuhi bila kamera, na bega la kushoto bado liko chini. Mke wangu akininyooshea shati mwilini hulalamika kwamba fundi kakosea kulikata, anataka kulirudisha. Namwambia aliache hivyo hivyo.